MAISHA YA MICHAEL FARADAY: MTOTO WA MHUNZI NA WAYA WETU WA RIYALI 700



Katika kurasa za watu mashuhuri waliotangulia tumezoea kusoma habari za wapigania uhuru, viongozi na waandishi wetu. Safari hii naomba mnivumilie kidogo, maana nawaletea Mwingereza mmoja ambaye hakuwa tajiri, hakuwa mtoto wa mkubwa, hakusoma chuo chochote, na hesabu za algebra zilimshinda mpaka anakufa. Lakini kila ukiwasha taa, feni au hiki kiyoyozi ambacho bila yeye hatuwezi kulala Riyadh mwezi wa nane, unatumia kazi ya mikono yake. Jina lake Michael Faraday. Waliosoma fizikia sekondari wanamkumbuka kwa ile sheria iliyotutoa jasho kwenye mitihani.

Ninayo sababu ya pili ya kumwandika, na hiyo ni ya aibu. Inahusu waya wa riyali 700 ulionunuliwa kwa fedha za mfuko wetu wa umoja. Mimi ndiye niliyeusemea ununuliwe. Nitaieleza humu humu, kidogo kidogo, kwa sababu bila maisha ya Faraday nisingejua nilipokosea.

Utoto wa shida

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington Butts, sehemu ambayo leo imo ndani ya jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehamia huko kutoka kaskazini ya Uingereza kutafuta maisha, kama sisi wengine tulivyohama. Lakini afya yake ilikuwa mbovu, siku nyingi hawezi kushika nyundo, na nyumba ilikuwa na watoto wanne. Mwaka 1801 bei ya nafaka ilipanda vibaya, na inasimuliwa kwamba Michael, mtoto wa miaka 9 au 10, alikuwa akipewa mkate mmoja wa kumtosha wiki nzima.

Shule aliipata ya kujua kusoma, kuandika na kuhesabu tu. Mwaka 1804, akiwa na miaka 13, akaingia kazini kama kijana wa kutumwa kwenye duka la vitabu la bwana mmoja aitwaye George Riebau. Mwaka uliofuata Riebau akamchukua kuwa mwanafunzi wa ufundi wa kujalidi vitabu, mkataba wa miaka 7. Sasa hapo, ndugu zangu, ndipo bahati ilipomkuta. Vijana wengine walivijalidi vitabu na kuvirudisha kwa wenyewe. Huyu alikuwa akivisoma kabla hajavishona. Siku moja ikaletwa juzuu ya Encyclopaedia Britannica yenye makala ya umeme, akaisoma yote. Akapata pia kitabu cha kemia cha Bi Jane Marcet. Kwa senti alizonazo akanunua vichupa na kujitengenezea mashine ndogo ya umeme pale pale dukani, naye Riebau, Mungu amlipe, hakumkataza.

Kuanzia 1810 alikuwa akienda jioni kusikiliza mihadhara ya sayansi kwenye nyumba ya mtu aitwaye John Tatum. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na aliyemlipia ni kaka yake Robert, ambaye naye alikuwa mhunzi. Nawaomba tusilipite jambo hili haraka. Wangapi kati yetu tuko hapa kwa sababu kaka au dada fulani aliacha lake ili sisi tusome?

Tiketi nne

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa Faraday tiketi za kusikiliza mihadhara minne ya Sir Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa maarufu kuliko wote Uingereza, pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London. Kijana akakaa juu kule ghorofani akaandika kila kitu, na michoro akachora. Nyumbani akaandika upya kwa mwandiko safi, kurasa karibu 300, akazijalidi mwenyewe, maana hiyo ndiyo kazi anayoijua, kisha akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi.

Davy alikuwa ameumia macho katika mlipuko wa maabara mwaka huo huo, kwa hiyo alikuwa anahitaji mtu wa kumwandikia. Alimwita, akamwona, lakini nafasi hapakuwa. Baadaye kidogo msaidizi wa maabara akafukuzwa kwa kupigana, na tarehe 1 Machi 1813 Faraday akachukua nafasi yake. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyombo na kupanga vifaa.

Mwaka huo huo Davy akasafiri Ulaya na mkewe, wakamchukua Faraday. Safari ikaendelea mpaka 1815. Alikutana na wakubwa wa umeme wa zama zile, Ampère huko Ufaransa na Volta huko Italia, watu ambao majina yao leo tunayasoma nyuma ya kila chaja. Lakini huko huko mke wa Davy alimfanya mtumishi, na alikosa hata heshima ya kula nao meza moja. Alifikiria kuacha kazi na kurudi zake kujalidi vitabu. Hakuacha.

Pete ya chuma, 1831

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua kwamba umeme ukipita kwenye waya, sindano ya dira iliyo jirani inageuka. Yaani umeme unazaa usumaku. Faraday alikamata jambo hilo, na mwaka 1821, mwaka ule ule aliomwoa Sarah Barnard, akatengeneza chombo ambacho waya wenye umeme unaizunguka sumaku bila kusimama. Huyo ndiye babu wa mota zote. Ugunduzi huo ulimletea kelele, maana wapo waliomnong'ona kwamba amechukua wazo la mzee William Wollaston bila kumtaja. Alipopendekezwa kuingia Royal Society, Davy mwenyewe, yule yule aliyempa kazi, alimpinga. Alichaguliwa hivyo hivyo mwaka 1824. Na Davy alipokufa mwaka 1829, Faraday hakuacha kumtaja kwa heshima.

Swali lililomkaa kichwani lilikuwa la kinyume chake: kama umeme unazaa usumaku, usumaku nao hauwezi kuzaa umeme? Tarehe 29 Agosti 1831 akachukua pete ya chuma laini, upana wake kama inchi 6, akaizungushia waya wa shaba upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili. Zingatieni kwamba nyaya mbili hizo hazigusani. Wakati ule waya wenye ganda la plastiki haukuwepo, kwa hiyo aliutenga waya kwa uzi na vitambaa kwa mkono wake, mzunguko kwa mzunguko. Upande mmoja akaunganisha betri, upande wa pili kipimo. Akitarajia kipimo kitasimama juu, akaona kinaruka mara moja pale anapounganisha betri, kisha kinarudi sifuri. Akikata, kinaruka tena upande wa pili.

Hapo akaelewa. Kinachozaa umeme si usumaku kuwepo, ni usumaku kubadilika. Mwezi wa Oktoba akafanya tena kwa kuingiza na kutoa sumaku ndani ya koili, halafu kwa kuzungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa. Ile pete ni transfoma, na ile sahani ni jenereta. Owen Falls kule Jinja iliyofunguliwa 1954, Kidatu ya 1975, na bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, yote ni kazi ile ya 1831, imekuzwa tu.

Mvumo wa Jeddah

Sasa nirudi kwetu. Tulipokwenda Jeddah kwenye Idi el-Fitri, tulibeba amplifaya na spika za umoja wetu ndani ya basi, karibu kilometa 950. Riyadh vyombo hivi havina neno. Tulipoviwasha Jeddah tu, spika zikaanza kuvuma, mmmm, kama nyuki kwenye mzinga. Qaswida ikasomwa juu ya mvumo, taarab ikapigwa juu ya mvumo. Kila mtu akawa fundi. Mmoja akasema umeme wa Jeddah una chumvi kwa sababu ya bahari. Mwingine akakumbusha kwamba nchi hii majumba mengi ya zamani yalikuwa na umeme wa volti 127, na ni mwaka 2010 tu serikali ilipoamua kuhamia 230, kwa hiyo nyaya za nyumba zimechanganyikana.

Tuliporudi Riyadh mimi nikatafuta dawa. Dukani nikaonyeshwa waya wa kuingizia umeme kwenye amplifaya, mnene kama kidole gumba, umesukwa vizuri, plagi zake zinang'aa, una uvimbe katikati ambao muuzaji alisema ndio chujio la takataka za umeme. Riyali 700. Mweka hazina wetu akaguna. Mimi nikasema, kaka, mimi ndiye injinia hapa. Nikashinda. Tukaufunga waya, tukapiga muziki chumbani, na wallahi tulisikia tofauti. Besi imejaa, sauti imesafika. Niliwaambia watu kwa mdomo huu huu.

Chumba cha waya, 1836

Kabla sijaendelea, turudi kwa Faraday, maana lile chujio nalo ni lake.

Mwezi wa Januari 1836 alijenga ndani ya Royal Institution chumba cha mraba, futi 12 kila upande. Kiunzi kilikuwa cha mbao, juu yake nyaya za shaba, karatasi na bati jembamba. Akakiinua kisiguse ardhi, kisha akakipakia umeme kwa mashine yenye nguvu mpaka cheche zikawa zinaruka nje ya kuta. Yeye mwenyewe alikuwa ndani, na vipimo vyake na mishumaa. Ndani hakuona dalili yoyote ya umeme. Umeme wote ulikaa juu ya ngozi ya chumba. Ndiyo maana mtu aliye ndani ya gari la bati radi ikipiga yuko salama zaidi kuliko aliye nje, ndiyo maana simu inapotea ndani ya lifti, na ndiyo maana waya wa maikrofoni una vazi la nyuzi za shaba lililouzunguka.

Mwaka uliofuata alichunguza vitu visivyopitisha umeme, kama kioo na nta, akaona kwamba kila kimoja kina uwezo wake wa kuhifadhi chaji. Ndiyo sababu kipimo cha kapasita leo kinaitwa faradi, kwa jina lake. Basi ukipasua chujio lolote la umeme utakuta mambo mawili makuu, koili na kapasita. Koili inazuia umeme unaobadilika upesi, kapasita inaupa njia ya kutokea pembeni. Vile vidude vyeusi vilivyovimba kwenye waya wa kompyuta ni feraiti, vitu vya karne ya 20, lakini kazi yake ni kuufanya waya uwe koili.

Hapa naomba muwe makini. Umeme wa Saudia unabadilika mara 60 kwa sekunde, wa kwetu Afrika Mashariki mara 50. Takataka zinazoletwa na chaja za bei rahisi, taa za kupunguza mwanga na mota zinabadilika maelfu na mamilioni ya mara kwa sekunde. Chujio linaacha kile cha 60 kipite na linazuia hizo za juu. Lazima liwe hivyo, kwa sababu hicho cha 60 ndicho umeme wenyewe! Chujio la kuzuia 60 lingezima amplifaya. Kwa hiyo kama spika inakoroma kwa sauti nzito ya 60, waya wa chujio hauna la kufanya. Mimi nililisoma hili chuoni. Nililijibu kwenye mtihani. Na dukani nikalisahau.

Waya mrefu

Kuhusu nyaya Faraday alijua kuliko wauzaji wote. Miaka ya 1850 kampuni za simu za maandishi zilipoanza kuzamisha nyaya baharini, zimefunikwa kwa utomvu wa gutta-percha, ziliona ishara zinachelewa na kuchanganyika. Mwaka 1854 Faraday akaeleza sababu: waya ulio ndani ya ganda, na maji nje, umekuwa kapasita ndefu. Lazima uujaze kwanza ndipo ishara itoke upande wa pili. Kwa elimu hiyo na ya waliomfuata, mwaka 1879 Zanzibar nayo ikaunganishwa na Aden kwa waya wa chini ya bahari.

Kwa hiyo ni kweli kwamba waya unaweza kubadilisha kinachopita ndani yake, hasa waya mrefu unaobeba ishara dogo. Lakini waya wa kuingizia umeme una mita moja na nusu, na umekuja baada ya kilometa nyingi za aluminiamu za shirika la umeme na nyaya za kawaida zilizo ukutani. Na ndani ya amplifaya umeme ule unapita kwenye transfoma, unanyooshwa, unajazwa kwenye kapasita kubwa, ndipo utumike. Mita moja ya mwisho haiwezi kusafisha njia yote iliyotangulia, kama vile bomba jipya la jikoni halisafishi maji ya mto.

Meza zinazotembea, 1853

Ndugu wasomaji, nilichotaka hasa kukieleza ni hiki, na ndicho watu wengi hawakijui kuhusu Faraday.

Mwaka 1853 Uingereza ilikumbwa na mchezo wa meza. Watu wanakaa kuizunguka meza, wanaweka mikono juu, wanatulia, na baada ya muda meza inaanza kuzunguka yenyewe. Wengine walisema ni mizimu, wengine shetani, na wengine wakasema ni umeme au usumaku, tena wakitaja jina la Faraday kama shahidi. Hilo lilimuudhi. Lakini hakukaa kitako akaanza kuwatukana. Alifanya jaribio.

Aliwachukua watu waaminifu ambao meza zilikuwa zikiwatembelea kweli. Akaweka chini ya mikono yao karatasi ngumu kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, zimegandishwa kwa gundi laini inayoteleza pole pole, na akatia alama pembeni. Hoja yake ilikuwa rahisi. Kama meza ndiyo inayovuta mikono, karatasi ya chini itatangulia. Kama mikono ndiyo inayosukuma meza, ya juu itatangulia. Meza ikazunguka. Akatazama alama: ya juu ndiyo iliyotangulia.

Halafu akatengeneza chombo cha pili, vibao viwili vyenye vijiti vya kioo katikati vya kuteleza, na mshale wa kuonyesha kama mkono umesukuma hata kidogo. Mshale ukifichwa, watu walisukuma na meza ikaenda. Mshale ukiwekwa mbele ya macho yao, mikono ikatulia na meza ikasimama kabisa. Watu wale wale, meza ile ile. Hakuna aliyesema uongo. Walisukuma bila kujua kwamba wanasukuma, kwa sababu walitarajia meza iende.

Akayaandika gazetini. Mwaka 1854 akatoa mhadhara mbele ya Prince Albert, mume wa Malkia, akieleza kwamba kazi ngumu ya mtu wa elimu ni kujihukumu mwenyewe, hasa pale anapokutana na jambo analolipenda liwe kweli.

Shuka na sarafu

Tulirudi Jeddah kwa mahafali ya wenzetu, safari hii na waya wetu mnene. Nikaufunga mbele ya watu kwa majivuno. Tukawasha. Mmmm! Mvumo ule ule, hata haukupungua. Bwana mmoja wa Jeddah, mtu mzima anayesomea udaktari wa falsafa, akaniuliza kwa upole kama chujio limelala. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini jasho lilinitoka.

Ikabidi nifikiri kama injinia badala ya mnunuzi. Nikachomoa chaja ya kompyuta iliyokuwa inapiga muziki. Mvumo ukakatika hapo hapo. Nikairudisha, ukarudi. Kompyuta ilikuwa kwenye soketi ya ukuta mmoja, amplifaya kwenye soketi ya ukuta wa pili. Zote mbili zina waya wa ethi, na kati yao kuna waya wa sauti. Basi hapo pamefanyika pete: ethi ya ukuta huu, kompyuta, waya wa sauti, amplifaya, ethi ya ukuta ule, na kurudi tena. Usumaku wa nyaya za nyumba unaikata pete hiyo mara 60 kwa sekunde na kuizalishia umeme, na hata ethi mbili zenyewe hazilingani sawasawa, kwa hiyo umeme mdogo unazunguka humo na spika inauimba. Ni ile pete ya 1831, ndugu zangu! Nimeisoma tangu kidato cha tatu, na sikuitambua ilipokuwa inanivumia usoni. Tukazichomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja, pete ikawa ndogo, mvumo ukaisha. Ekstensheni ilikuwa ya mwenyeji wetu. Gharama: sifuri.

(Tahadhari: wapo wanaokata mguu wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Unaisha kweli, lakini siku waya wa moto ukigusa bodi ya chombo, na wewe umeshika maikrofoni, utaisha wewe. Msifanye.)

Ikabaki swali moja lililoniuma njiani mpaka Riyadh. Kama waya haukuwa na kazi, mbona chumbani tulisikia sauti imesafika? Ndipo nilipokumbuka zile meza.

Tukafanya yetu. Amplifaya tukaifunika shuka kwa nyuma. Mwenzetu mmoja akawa nyuma ya shuka, anarusha sarafu kila raundi kuamua waya upi ufungwe, wa riyali 700 au ule uliokuja na amplifaya. Hata asipobadilisha anachomoa na kuchomeka tena, ili tusijue. Hasemi neno na hatumuoni uso. Wimbo ule ule, sauti ile ile, raundi 20. Mimi niliyekuwa naapa nikapatia 11. Mwenzangu akapatia 9. Mtu anayebahatisha tu, bila kusikiliza, anategemewa kupata 10.

Sisemi kwamba raundi 20 zinamaliza mjadala wa dunia. Wala sisemi machujio yote ni utapeli. Mahali penye taa za kupunguza mwanga, au redio ya masafa ya kati karibu na mashine, chujio zuri linafanya kazi, na utaisikia hata ukiwa umefumba macho. Simu za 2G zinazofanya spika ilie trr-trr-trr zinatulizwa kwa kuziweka mbali, na wakati mwingine feraiti ya riyali chache kwenye waya wa sauti inasaidia. Ninachosema ni kwamba tofauti ya kweli haiogopi shuka.

Mwisho wake

Faraday aliishi maisha ya kawaida mpaka mwisho. Hakuchukua hataza ya kujitajirisha na jenereta. Alikuwa muumini wa kanisa dogo la Wasandemani, watu waliokataa kujilimbikizia mali. Alikataa cheo cha Sir, na mwaka 1857 akakataa kuwa rais wa Royal Society. Alifundisha watoto kila Krismasi, jumla ya misimu 19, kati ya 1827 na 1860. Kumbukumbu yake ilianza kumtupa mapema, ikamtesa miaka mingi, kwa hiyo kila kitu alikiandika kwenye daftari, vilivyofaulu na vilivyoshindikana. Kwa sababu hakuwa na hesabu, aliichora nguvu ya sumaku kama mistari hewani. Waliocheka wakacheka, lakini kijana James Clerk Maxwell akaichukua mistari ile akaigeuza kuwa hesabu, na humo ndimo redio ilimotoka.

Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi Hampton Court. Huko ndiko alikofariki, tarehe 25 Agosti 1867, akiwa na miaka 75. Hakutaka kuzikwa Westminster Abbey pamoja na wakubwa. Kaburi lake liko Highgate, na jiwe lake ni la kawaida. Hawakujaaliwa watoto na Sarah.

Ama mimi, waya duka halikuurudisha, muda ulikuwa umepita. Mwezi ule ule mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake nyumbani, na mfuko ulipofunguliwa kumkatia tiketi, ukakutwa umepungua. Ikabidi tupite chumba kwa chumba tukichangishana usiku. Tiketi ilipatikana na kijana alizika. Lakini mweka hazina, ambaye aliguna siku ile na mimi nikamnyamazisha kwa uinjinia wangu, hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nimekubaliana naye nirudishe riyali 100 kila mwezi. Hadi naandika haya nimelipa tatu, zimebaki nne. Waya wenyewe upo ofisini kwa umoja, na yeyote anayeamini anausikia anakaribishwa. Shuka lipo, sarafu ipo.

Wabillahi taufiq.